Ukiinua Macho, Fumua

Vijana wa chumba cha miavuli, assalaam aleikum. Na ambao hawaitikii salamu hiyo, hamjambo.

Nimestaafu miezi mitatu iliyopita. Niko nyumbani Nakuru, ninasali sala ya jamaa msikitini kila kipindi, jambo ambalo meza yenu ilininyima kwa miaka thelathini na minane. Mke wangu anasema nimeanza kukunja mashuka kwa rula. Wanjiru, ambaye sasa ndiye mkuu wenu na ambaye nilimfundisha mimi, alinipigia simu akasema, "Ustadh, hawa wapya wanafuata kanuni lakini hawajui zilitoka wapi. Wanadhani tepe nyekundu zina namba kwa sababu kuna mtu ofisini anapenda namba. Waandikie." Basi ninaandika, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa mikono miwili na kazi ya kuichosha.

Nilifika kituoni, kule juu ya Gilgil, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali siku za wiki na madrasa Jumamosi na Jumapili, na kuhusu ndege za kivita sikujua lolote isipokuwa kelele zake. Kwa sababu ya kofia yangu waliniita Ustadh kabla ya saa nne asubuhi, na jina hilo halikunitoka tena. Chumba kilikuwa hichihichi mnachokijua: meza ndefu kuliko basi, madirisha yasiyofunguliwa kwa sababu ya lile vumbi jeupe linaloingia hata ndani ya mkate, na nyuma yake mnara ambamo miavuli ya marubani huning'inizwa ikauke. Siku ya kwanza niliingia mnarani, nikainua kichwa, nikaona vitambaa vyeupe vikishuka kutoka kwenye dari kama kanzu za majitu. Nilisema subhanallah kwa sauti. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Ukimaliza kushangaa, kuna ufagio pale."

Huyo alikuwa Fundi Mutiso, Mkamba mfupi, mzee wa kanisa, miwani yake imefungwa kwa waya. Ndiye mwalimu wangu. Alinisimamisha mbele ya meza akaniambia, "Injini ikizima huko juu, rubani ana mambo matatu ya kujaribu. Yakimshinda yote matatu, anakuja kwako. Baada yako hakuna mwingine ila Mungu, na Mungu asisumbuliwe kwa uzembe wako."

Kwa wiki mbili sikufanya kingine ila kukunja na kufumua mwavuli mmoja mzee uliokuwa haupandi ndege tena. Kanuni ya Mutiso ilikuwa moja, nayo mnaiona ukutani hadi leo: ukiinua macho, fumua. Maana yake ni kwamba kuanzia mkunjo wa kwanza hadi mkoba wa mgongoni ufungwe, macho na mikono havitoki mezani. Ukiitwa ukageuka, ukipiga chafya ukaachia, ukikumbuka mkeo alikutuma sukari, huendelei ulipofika. Unatandaza kitambaa chote na kuanza upya. Mkono uliozoea kazi una ugonjwa mmoja: hukumbuka mwavuli wa jana ukadhani ni wa leo, ukaruka hatua kwa imani kabisa kwamba umeshaipita.

Mutiso hakutosheka na kusema. Alitujaribu. "Ustadh, chai!" Nikigeuka: "Fumua." "Ustadh, simu yako!" Nani angenipigia simu mimi? Nikigeuka: "Fumua." Siku moja nilifumua mara sita kabla ya chakula cha mchana. Mara ya sita sikukasirika, nilicheka. Nikamwambia, "Mzee, hii mimi naijua tangu madrasa. Udhu ukitenguka katikati ya sala, hukimbilii rakaa iliyobaki. Unarudi kwenye maji."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi ninyi Waislamu mmezaliwa mafundi wa miavuli," akasema. "Fumua."

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Vifuko vizito vya turubai vya kulaza kitambaa kisiteleze. Kijiti bapa cha mzeituni cha kunyoosha mikunjo, ambacho nilikirithi kwa Mutiso na ambacho Wanjiru amekirithi kwangu, mwacheni nacho. Na utepe mwekundu. Wa mwisho huo ndio habari yangu, kwa hiyo nieleze vizuri. Mwavuli wa rubani una vipande ishirini na vinane vya kitambaa, kumi na vinne kila upande. Ukishavipanga unavifunga kwa muda kwa utepe ili visihame unaponyoosha kamba, na kabla ya kufunga mkoba unautoa. Ukiusahau, kitambaa kitatoka mgongoni mwa rubani kikiwa kimefungwa kama mzigo wa kuni, na kitafika chini hivyo hivyo. Siku hizo tuliukata utepe kwa mkasi kutoka kwenye roli na kuutupa baada ya kazi. Hakuna aliyehesabu.

Mutiso alistaafu, nikabaki na meza. Miaka ikapita, na nikasahau hofu ya siku zangu za kwanza, jambo ambalo watu huliita ujuzi. Kisha vita vikaanza ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, na mikoba tuliyokuwa tukiifunga kwa ajili ya mazoezi ikaanza kwenda kazini kwelikweli.

Hapo ndipo nilipomjua Luteni Koech. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwembamba, masikio makubwa, mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Molo. Mkisikia rubani wa kivita mnafikiri mtu anayeruka. Mimi niliyewaona kwa karibu nawaambia ni mtu anayengoja. Koech aliketi kwenye hema kando ya ndege tangu alfajiri, amevaa kila kitu, buti, mikanda, mkoba wangu mgongoni, akicheza drafti kwa vizibo vya soda na mafundi wa injini. Walimfunga kila siku kwa sababu sikio lake moja lilikuwa kwenye simu ya mezani. Simu ikilia, vizibo vilimwagika. Baada ya nusu saa alikuwa juu ya nchi ya watu, na baada ya saa mbili amerudi, suruali imelowa jasho, na analala kwenye benchi mdomo wazi. Akiamka swali lake lilikuwa moja: "Wote wamerudi?" Akijibiwa ndiyo, anaomba chapati.

Alipenda kuja kusimama nyuma ya ule mstari wa njano mlangoni kwetu, kwa sababu chumba chetu kina baridi na hakuna anayeruhusiwa kumsemesha mtu. Marubani wapya wote huja na mzaha kwamba mwavuli ukikataa kufunguka watarudi kulalamika, na kila mmoja hudhani ameutunga mwenyewe. Koech hakuusema. Aliningoja nimalize, akaniuliza, "Niaje, Ustadh. Ukikunja huwa unawaza nini?"

"Salamu kwanza, Luteni."

"Pole. Shikamoo. Unawaza nini?"

"Marahaba. Siwazi kitu."

"Hata mimi huko juu," akasema, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Alikuwa na siri moja. Mama yake ana shinikizo la damu, kwa hiyo alimdanganya kwamba jeshini anafanya kazi ya ofisi. Nilimwambia uongo ni dhambi katika vitabu vyote viwili. Akasema, "Najua, Ustadh. Ukipata njia ya kumwambia ukweli na presha isipande, niambie."

Sasa kosa langu.

Siku hiyo ilitakiwa mikoba kumi kabla ya alasiri. Askari wetu wa miguu walikuwa wamezingirwa ng'ambo, na ndege nne zilikuwa ziondoke saa kumi na moja jioni kwenda kuwafungulia njia. Mimi nilikunja, Wanjiru, aliyekuwa bado mgeni kidogo, alikagua. Nilikuwa kwenye mkoba wa Koech, vipande vyote vimepangwa na kufungwa utepe, Wanjiru amekwenda mnarani kuchukua mwingine, Koech mwenyewe akatokea mlangoni na simu mkononi, uso umeiva kwa aibu.

"Ustadh, naomba. Mathe yuko kwa laini. Anataka kuongea na mtu mzima wa huku ofisini. Hataki kuniamini mimi."

Ningesema ngoja. Badala yake nilicheka, nikatoka hadi verandani, nikachukua simu.

"Wewe ndiye mkubwa wake?" sauti ya mama ikauliza.

"Mimi ni mzee wa hapa, mama. Namwona kila siku."

"Anafanya kazi ya hatari?"

Koech alikuwa ameunganisha viganja vyake kama anayeomba mvua. Nami sikutaka kusema uongo. Nikamwambia, "Mama, mwanao anafanya kazi akiwa ameketi. Na kiti chake ni kizuri, nakuhakikishia."

Mama akashukuru. Koech akapiga magoti ya mzaha. Nikarudi mezani nikiwa bado natabasamu kwa werevu wangu, nikashika kitambaa pale nilipokiacha, nikaendelea. Sikufumua. Mwanafunzi wa Mutiso, mwalimu wa Wanjiru, mtu wa miaka mingi mezani, aliendelea. Wanjiru aliporudi alikuta mkoba umekaribia kufungwa, akaniamini, akatia sahihi.

Saa kumi na nusu nilitandaza mswala wangu kwenye kona ya stoo, nikasali alasiri. Katika rakaa ya tatu nikaingiwa na shaka kama ni ya tatu au ya nne. Tumefundishwa dawa yake: chukua ile uliyo na yakini nayo, yaani chache, ujenge hapo. Kilichosahauliwa kihesabu kama hakikufanyika. Na nilipokuwa nikijiambia hivyo, nikauona utepe. Nilijaribu kuikumbuka mikono yangu ikiufungua. Niliiona ikifungua utepe wa mkoba uliotangulia, na wa uliofuata. Wa Koech sikuuona.

Nilikata sala. Wenye elimu wanajua kwamba kuokoa roho ya mtu kunaruhusu hilo. Nilikimbia peku.

Ndege nne zilikuwa zimepangwa, na Koech alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi. Meja aliyeongoza kikosi, mtu mrefu asiyependa kuguswa na kitu kisichokuwa na ratiba, akanizuia kwa mkono.

"Ustadh, viatu vyako viko wapi?"

"Afande, mkoba wa Luteni Koech usipande. Huenda nimeacha utepe ndani."

"Huenda? Una hakika kuna kosa?"

"Sina hakika, afande. Ndiyo maana nimekuja."

"Kuna watoto wa watu wanapigwa risasi kule, wanangojea hizi ndege. Unataka nizisimamishe kwa huenda?"

"Zisimamishe moja, afande. Tatu ziende."

Mkoba wa akiba haukuwapo; yote kumi ilikuwa imegawiwa, minne kwa ndege hizi na sita imeshapelekwa kituo kingine. Meja alitazama saa yake, akawatazama marubani, akapunga mkono. Ndege tatu zikawashwa. Koech akashuka ngazi, akavua mkoba, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Tuliufungua mezani, Wanjiru, Meja, Koech na mimi. Nilivuta pini, kitambaa kikatoka. Utepe ulikuwepo. Mwekundu, umekazwa kwa fundo langu mwenyewe, fundo zuri.

Wanjiru aliweka mkono mdomoni. Koech alinyoosha kidole, akaugusa utepe mara moja, akaurudisha mkono mfukoni.

Meja akasema polepole, "Huyu mzee asiuguse tena huu mwavuli. Wanjiru, funga wewe."

"Afande," Koech akasema, "naomba Ustadh aufunge."

"Umechanganyikiwa, Luteni?"

"Hapana, afande. Mwingine angenyamaza. Angesema tu labda ni sawa, Mungu atajalia. Huyu amekuja bila viatu. Asipofunga yeye, sipandi." Kisha akanigeukia. "Usijali, Ustadh, mathe nimemzimia simu."

Meja akaniashiria meza. Wanjiru akachukua nafasi yake upande wa pili, kalamu mkononi. Nikasema bismillahi, nikaanza. Nilipanga vipande kumi na vinne kushoto, kumi na vinne kulia. Nilifunga utepe. Nilikuwa nikinyoosha kamba wakati Meja, ambaye redio ilikuwa ikimkoromea kifuani, alipoweka mkono begani mwangu.

"Ustadh, bado dakika ngapi?"

Nikainua macho kumjibu.

Kisha nikafungua utepe, nikashika ncha ya kitambaa, nikatandaza chote mezani, kuanzia mwanzo.

"Unafanya nini?" Meja akapaaza sauti.

Wanjiru ndiye aliyejibu, binti wa miaka ishirini na mitatu, bila hata kumtazama: "Umemsemesha, afande. Lazima afumue."

Nilisikia pumzi ya Meja ikitoka puani. Nilidhani atanifukuza mahali pale pale. Sikuona alichofanya, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamerudi mezani na hayakutoka tena, lakini Wanjiru alinisimulia baadaye. Meja alizima redio, akarudi nyuma ya mstari wa njano, akatoka nje, akafunga mlango, akausimamia yeye mwenyewe kama mlinzi wa lango. Alikuja kapteni na karatasi za kutia sahihi, akafukuzwa. Alikuja mpishi na chupa ya chai, akafukuzwa kwa sauti iliyosikika hadi jikoni.

Nilimaliza. Utepe niliutoa, nikauweka kwenye kiganja cha Wanjiru, akafunga ngumi, akatia sahihi. Koech akaondoka jua likiwa bado juu ya ukingo wa bonde, saa nzima baada ya wenzake, na wale wenzake walikuwa wameshafungua njia. Askari wetu walitoka wote. Alihamdulillahi.

Niliandika kosa langu kwa mkono wangu, bila kupunguza. Nilisimamishwa kukunja wakati wa uchunguzi, nikapelekwa mnarani kuanika, kazi ya mwanafunzi, na sikuona uchungu. Kutokana na maandishi yale zikaja tepe zenye namba, ndoano kumi ukutani za kuzitundikia, na kanuni kwamba mkoba haufungwi ndoano ikiwa tupu. Hapo ndipo zilipotoka, vijana. Hakuna mtu ofisini anayependa namba.

Nilikuwa mnarani siku chache baadaye Meja alipoingia peke yake. Alivua kofia kwanza.

"Ustadh. Koech ameruka kutoka ndegeni."

"Mwavuli?"

"Hatujui. Injini ilishika moto akirudi, mwenzake alimwona akitoka ndani ya moshi. Baada ya hapo mawingu."

"Alikuwa na mkoba gani?"

Alijua kwa nini ninauliza. "Ule ule. Hakutaka mwingine."

Niliendelea kuanika. Sikujua la kufanya zaidi. Kila kamba niliyovuta nilimtaja Mola wangu, na kila niliponyamaza nilisikia mikono yangu ikinihoji: kulia kumi na vinne? kushoto kumi na vinne? Nilikuwa na yakini. Lakini yakini nayo ina mlango mdogo ambao shaka huupitia, na usiku ule haukuwa wangu wa kulala, wala asubuhi yake sikula. Nilifikiria ile sauti ya mama wa Molo ikinishukuru.

Kabla ya adhuhuri Wanjiru alikuja mnarani akikimbia, analia na kucheka pamoja. "Yuko hai! Ustadh, yuko hai! Wachungaji wa ngamia walimpata. Mguu umevunjika. Wanasema tumbo ndilo linamsumbua zaidi, alikunywa maziwa yao yote!"

Nilishuka kwenye sijida palepale, juu ya saruji, chini ya vile vitambaa vyeupe. Wanjiru, ambaye ni wa kanisa, alipiga magoti kando yangu, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Koech alikuja kituoni wiki tatu baadaye, na magongo, na nyusi moja imeungua. Wengi walimkumbatia. Mimi nilimpa kiti, kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kupata mtu wa kumuuliza. Mtaelewa, kwa kuwa ni kazi yenu. Fundi wa injini huisikia injini yake. Fundi wa redio huisikia redio. Sisi tunafunga kitu gizani, na tukibahatika hakifunguliwi kamwe. Katika miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwona mtu aliyening'inia kwenye kazi yangu.

"Niambie," nikasema. "Ilikuwaje?"

Alifikiri. "Kiti kilinitupa. Nikaona mbingu, ardhi, mbingu, ardhi. Kiti kikaniachia. Nikajua nimeshafanya yangu yote, sasa imebaki yako."

"Halafu?"

"Halafu nikaanza kuomba, Ustadh. Nilitaka kusema, Mungu wangu, nisaidie. Si ni maneno matatu tu?"

"Ni matatu."

"Nilifika la pili. La tatu sikulimaliza. Nilivutwa mabega, nikatazama juu, na ulikuwa umefunguka wote, mweupe, mviringo, hauna hata kovu."

Sioni haya kuwaambia kwamba nilifuta macho kwa ncha ya shati. Kisha nikamwambia, "Dua haiachwi katikati, Luteni. Imalizie."

Aliegemeza magongo ukutani, akavua kofia. "Mungu wangu," akasema, akasita akitafuta neno, kwa kuwa lile la nisaidie halikuwa na kazi tena.

"Asante," akasema.

"Amina," nikaitikia.